Kumkagua Mgonjwa Aliye Nyuma ya Mlango

Watu wa Pwani wana njia kadhaa za kusema kwamba wanakwenda kumwona mgonjwa. Wapo wanaokwenda kumjulia hali, wapo wanaokwenda kumtazama, na wapo, hasa visiwani, wanaokwenda kumkagua. Hilo la mwisho ndilo neno lile lile la mkaguzi wa hesabu na mkaguzi wa shule. Bibi anayetoka kwake na kikapu cha machungwa akasema anakwenda kumkagua jirani hana daftari wala kalamu, lakini akifika hufanya kazi ya mkaguzi. Hugusa paji la uso. Huinua shuka akatazama kama miguu imevimba. Hufunua kawa aone uji umenywewa kiasi gani. Akiaga, humvuta mwenye nyumba pembeni akamwambia kwa sauti ya chini: huyu hageuzwi upande, mtamtia vidonda.

Kumjulia hali nako kuna maana iliyojificha. Hatusemi kujua hali ya mgonjwa tu. Twasema kumjulia, kwa kauli ile ya kutendea, kana kwamba kuna jambo ambalo mgonjwa hawezi kulijua peke yake, nasi tunakwenda kulijua kwa ajili yake. Na yule anayekesha naye, anayemlisha na kumwosha, twasema anamuuguza. Kuugua na kuuguza vimetoka mzizi mmoja. Mmoja anaugua, mwenzake anauguza, na lugha haimweki huyu wa pili katika kundi la wageni.

Naanza na maneno haya kwa kuwa mwaka 2020, katika nchi zenye makao mengi ya kulelea wazee, neno moja la ofisini ndilo lililoamua nani aingie na nani abaki nje. Neno lenyewe ni mgeni.

Machi 13 mwaka huo, mamlaka ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia bima za afya za wazee na za maskini iliyaagiza makao ya uuguzi yazuie wageni wote pamoja na wafanyakazi wasio wa lazima. Mlango ungefunguliwa kwa hali chache sana, mojawapo ikiwa mtu yumo katika saa zake za mwisho. Wiki iliyofuata Uholanzi ilifunga makao yake, na Sweden ikaweka marufuku ya nchi nzima kuanzia Aprili 1. Hofu ile haikuwa ya kubuni. Katika makao mamoja ya mji wa Kirkland, jimbo la Washington, virusi vya korona viliingia Februari na vikawaondoa watu zaidi ya 30 katika muda mfupi. Aliyefunga mlango alikuwa na sababu, na sitaki kumdhulumu kwa kusahau hilo.

Kosa lilikuwa katika orodha ya majina. Binti aliyekuwa akija kila adhuhuri kumlisha mama yake, kwa kuwa mama alikwisha sahau kutafuna na alihitaji kukumbushwa tonge kwa tonge, aliandikwa mstari mmoja na mtu aliyekuja kusalimia mara moja kwa mwaka. Wote walikuwa wageni, na wote wakabaki nje.

Yaliyotokea Quebec, nchini Kanada, ndiyo yanayonikaa moyoni kuliko yote. Jimbo lile lilifunga ziara katikati ya Machi 2020. Mwisho wa mwezi huo huo, maofisa wa afya walipoingia katika makao ya Herron, mji wa Dorval karibu na Montreal, walikuta wazee zaidi ya 100 wameachiwa wafanyakazi wachache mno. Wenzao wengine waliugua, wengine waliogopa, wengine waliondoka. Wazee walikuwa na njaa na kiu, na wapo waliokuwa wamelala katika uchafu wao. Umma ulipata habari hizo karibu wiki mbili baadaye, gazeti lilipozichapa. Katika wimbi lile la kwanza walifariki wazee 47 kutoka nyumba hiyo moja, na uchunguzi rasmi wa vifo vyao ulichukua muda mrefu baada ya maziko.

Sisemi kwamba ndugu wangeizuia korona. Nasema kwamba kijiko kingeonekana hakipo. Makao mengi, ya Quebec na ya kwingineko, yalikuwa yakitegemea mikono ya mabinti, ya wake na ya waume bila kuiandika katika orodha ya zamu. Kwenye karatasi, wafanyakazi walitosha. Kwa kweli, adhuhuri ilipofika, aliyelisha alikuwa binti. Alipozuiwa, pengo lilionekana kwa wazee wenyewe, kwa njaa, na halikuonekana kwa mtu mwingine yeyote kwa kuwa aliyekuwa na macho ya kuliona alikuwa barabarani. Wahenga wetu walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katikati ya Aprili serikali ya jimbo lile ilianza kuwarudisha ndani ndugu waliokuwa wakisaidia tangu zamani. Hilo lilikuwa kukiri, hata kama halikuitwa hivyo.

Kuna kisa cha kale ambacho laiti kingebandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi inayoandika masharti ya ziara. Kimo katika Talmudi ya Babeli. Mwanafunzi mmoja wa Rabi Akiva, mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya 2, aliugua, na hakuna mwanachuoni aliyekwenda kumwona. Akiva akaenda mwenyewe. Sakafu ikafagiliwa na kunyunyiziwa maji, na mgonjwa akapona. Yule mwanafunzi alimwambia mwalimu wake kwamba amemhuisha. Akiva akatoka akafundisha kuwa asiyemzuru mgonjwa ni kama aliyemwaga damu.

Tazama kilichoponya katika kisa kile. Ni ufagio. Mtu mwenye cheo aliingia chumbani, akaona uchafu ambao wengine hawakuwapo kuuona, na chumba kikasafishwa. Baadaye, wanasheria wa dini hiyo waliweka hata saa za kuzuru. Yosef Karo, katika kitabu chake cha hukumu kilichochapwa mwaka 1565, alishika kauli ya Talmudi kwamba mgonjwa asizuriwe katika saa tatu za kwanza za mchana wala saa tatu za mwisho. Asubuhi ugonjwa huonekana mwepesi, na mgeni hudhani hapana haja ya kumwombea. Jioni huonekana mzito, na mgeni hukata tamaa. Saa hizo ziliwekwa ili mzuru auone ugonjwa kwa kiasi chake. Linganisha na ratiba zetu za hospitali, zinazopangwa kufuata usafi wa wodi, mzunguko wa daktari na chai ya wauguzi. Sidharau mambo hayo, maana wodi isiyosafishwa ni hatari. Lakini ni mara chache sana nimeona ratiba ya ziara iliyoanza na swali hili: ni saa ngapi ndugu ataona ukweli?

Injili ya Mathayo, katika sura ya 25, inawaweka mgonjwa na mfungwa katika fungu moja la watu ambao kuwatembelea ni kumtembelea Kristo mwenyewe. Wahubiri wengi hupita hapo haraka. Mimi naona wawili hao wamewekwa pamoja kwa sababu wanafanana kwa jambo moja: wote wako nyuma ya mlango ambao ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Uislamu unajulikana kwetu kwa kuhesabu kumzuru mgonjwa miongoni mwa haki za Mwislamu juu ya mwenzake, sawa na kuitikia salamu na kusindikiza jeneza. Lakini dini hiyo hiyo ina amri ya karantini: palipoingia tauni pasiingiwe, na aliyemo asitoke. Watu hupenda kutaja moja ya hizo mbili na kuificha nyingine, kufuatana na hoja wanayotaka kuishinda. Mwaka wa 18 Hijria, yaani karibu 639, Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Shamu akapata habari ya tauni iliyoitwa ya Amwas. Akashauriana na watu wake, akageuza msafara. Abu Ubayda, kamanda wake kule, alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu.

Hapo ndipo wengi hukomea. Wanahistoria wa Kiislamu hawakukomea hapo. Wanasimulia kwamba Umar aliandika barua kumwita Abu Ubayda atoke, na Abu Ubayda, aliyeijua nia ya barua ile, akakataa kuwaacha askari wake. Umar akaandika tena. Safari hii hakuomba mtu mmoja aokolewe. Aliagiza watu wahamishwe kutoka bondeni penye unyevu wapelekwe nyanda za juu zenye hewa safi. Abu Ubayda alifariki kwa tauni ile, na Muadh bin Jabal aliyemrithi akafariki pia, na aliyewafuata, Amr bin al-As, ndiye aliyewapandisha watu milimani.

Nimerudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu kinajibu swali ambalo Akiva hakuulizwa. Akiva aliingia na kufagia. Je, yule asiyeruhusiwa kuingia? Umar alikubali mlango ufungwe. Hakukubali kufungwa mdomo. Na hakuandika barua ya kulia na kuuliza hali. Alitaja jambo moja linaloweza kufanyika, mahali linapoweza kufanyika, na mtu wa kulifanya. Mapokeo haya mawili, ya ufagio na ya barua, yakikaa pamoja yanatoa kazi nzima ya kumsemea mgonjwa. Mimi nayaona hivyo, ingawa najua wenyewe wa kila upande husoma visa vyao kwa makusudi mengine pia.

Nchi za Magharibi zilichukua njia ya tatu, ya sheria, na zililipa kwa machozi mengi. Uingereza mwendo huu ulianza kabla ya korona. Februari 2014 daktari mstaafu John Gerrard, mwenye ugonjwa wa kusahau, alilazwa hospitalini kwa majuma matano, na ziara zilikuwa zimezuiwa karibu kabisa kwa sababu ya virusi vya kuhara. Aliingia akitembea. Alitoka hawezi kusimama wala kujilisha, na Novemba mwaka huo akafariki. Binti yake, mwandishi Nicci Gerrard, na rafiki yake Julia Jones wakaanzisha kampeni kwa jina la mzee huyo, wakidai kwamba anayemuuguza mtu mwenye ugonjwa wa kusahau ahesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, asihesabiwe mgeni. Miaka sita baadaye nchi nzima iliingia katika wodi ya John Gerrard. Kutokana na kilio cha ndugu, tangu Aprili 6, 2024 England ina kanuni inayoyataka makao ya wazee, hospitali na nyumba za kutunzia wagonjwa walio mwishoni mwa maisha kuruhusu wazuru, ila pakiwa na hali ya kipekee. Uskoti nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2025, na watu wanaiita kwa jina la mama mmoja ambaye binti yake alipigania haki ya kumwona.

Marekani ilikuwa na zana kabla ya wote, na hilo ndilo linaloshangaza. Sheria ya mwaka 1987 inampa mkaaji wa makao ya uuguzi haki ya kuzuriwa, inamtaka mwenye makao amhusishe mkaaji na mwakilishi wake katika mpango wa matunzo, na inawapa ndugu haki ya kuunda baraza lao na kupewa chumba cha kukutania. Kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakaaji, ambayo huduma yake ni bure na ya siri. Mambo haya yalijengwa kwa miaka mingi. Machi 2020 yalikunjwa kwa agizo la siku moja. Hata yule mtetezi wa wakaaji alizuiwa kuingia, isipokuwa kwa hali chache. Haki zilibaki vitabuni zikiwa nzima, na hapakuwa na mtu ndani wa kuzitumia.

Kisa kimoja cha Jacksonville, Florida, kinaeleza kila kitu. Mwanamke mmoja alikuwa akimtembelea mumewe kila jioni, akimsaidia kujiandaa kulala. Mlango ulipofungwa alikaa zaidi ya siku 100 bila kumgusa. Julai 2020 aliajiriwa kwenye makao yale yale, siku mbili kwa wiki, kuosha vyombo. Akamaliza masufuria, akaenda chumbani kwa mumewe. Mwili ni ule ule, pumzi ni ile ile, na hatari ya kuleta virusi ni ile ile. Kilichobadilika ni orodha iliyokuwa na jina lake.

Texas walilielewa jambo hili vizuri kuliko wengi. Novemba 2021 wapiga kura waliingiza katika katiba ya jimbo haki ya mkaaji kumtaja mtu mmoja, mlezi wa lazima, ambaye makao hayawezi kumzuia kuingia. Angalia jinsi ilivyoandikwa. Haki ni ya mzee: yeye ndiye anayemtaja. Si binti anayeomba kibali cha kuja kumwona mama. Ni mama anayesema huyu ni wangu, aingie. Na Uholanzi ilikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupima njia ya kufungua. Mei 11, 2020 makao 26 yaliruhusu mgeni mmoja kwa kila mkaaji, kwa masharti ya barakoa, usafi na umbali, huku watafiti wakifuatilia. Katika majuma yale ya kwanza hakukuonekana maambukizi mapya, na wafanyakazi walieleza jinsi wakaaji walivyochangamka. Hilo lilijulikana mwezi Mei. Sweden haikuondoa marufuku yake hadi Oktoba 1.

China ilitunga sheria iliyogeukia upande mwingine kabisa. Tangu Julai 1, 2013, sheria ya haki za wazee ya nchi hiyo inawataka watoto wanaoishi mbali na wazazi wao kuwatembelea au kuwasalimu mara kwa mara, na mahakama ya Wuxi iliitumia mapema kumwamuru binti amtembelee mama yake walau mara moja kila miezi miwili. Sheria ya England inasukuma mlango, ya China inamsukuma mtoto. Kila moja inadhani kikwazo kiko upande mmoja. Nami nimewajua wazee waliofungiwa kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja: makao hayakutaka ndugu waje, na ndugu wakapata nafuu kuambiwa wasije.

Sasa tuje nyumbani. Ni kawaida yetu kusema sisi hatupeleki wazee wetu kwenye makao. Tuseme polepole. Zanzibar kuna Sebleni na Welezo. Kigamboni kuna Nunge, na serikali ya Tanzania ina makazi mengine bara. Kasarani, Nairobi, masista wa Kikatoliki wanaendesha Nyumba ya Wazee. Na Nairobi makao ya kulipia yanaongezeka kwa ajili ya familia ambazo watoto wako Dallas, Doha na London. Hatuna wazee wengi nyuma ya milango kama Ulaya, lakini tunao, na milango yenyewe inaongezeka.

Wengi wetu tunaufahamu mlango huo kwa sura ya geti la hospitali. Saa kumi jioni foleni inaanza: hotipoti, chupa ya chai, kanga juu ya kichwa, na askari anayesema mmoja mmoja. Anayejua kusalimia askari vizuri hupita. Aliyetoka kijijini asiyejua la kusema hubaki hapo, akimwomba mtu asiyemfahamu ampelekee mgonjwa wake uji. Nimemwona mama mmoja akikabidhi chakula getini siku tatu mfululizo, na siku ya nne tu ndipo alipoambiwa mgonjwa alihamishwa wodi na kile chakula hakikumfikia hata mara moja. Hakupiga kelele. Aliuliza wodi gani, akaanza kutembea.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia yake na ya dola. Itifaki ya Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, ilianza kutumika Novemba 2024, na inataka makao ya wazee yafuate viwango vya chini vya kitaifa. Haya ni mazuri. Lakini hayamwambii bawabu afanye nini siku mkurugenzi anapoagiza asiingie mtu. Maneno tunayo, tena mazuri kuliko ya wengi: tuna kumjulia, kumkagua, kuuguza. Tunachokosa ni karatasi ya kumwonyesha bawabu.

Na tunao pia watu waliokuwa upande wa ndani. Wakenya, na Waafrika Mashariki wengine, ni wengi katika kazi ya kulea wazee Marekani na Uingereza. Wenyewe huiita kuosha wazee, na hawaoni aibu, kwa kuwa kazi hiyo imejenga nyumba na kusomesha watoto. Mwaka 2020 wao ndio waliokuwa ndani, mara nyingi kwa zamu mbili mfululizo, wakishika simu mbele ya uso wa bibi wa Kizungu ili mwanawe amwone. Mtu akitaka kujua jinsi ya kumsemea mzee aliyefungiwa, awaulize wao. Ndio wanaojua kwamba mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huiogopa sauti inayotoka kwenye kioo, kwamba miwani na meno ya bandia hupotea kwenye kufua shuka, na kwamba chumba chenye picha ya mzee alipokuwa kijana, iliyoandikwa jina lake na kazi aliyofanya, hupata mkono mpole zaidi usiku.

Kitu cha kwanza wangekwambia ni kwamba swali la "anaendeleaje?" halifai. Jibu lake ni "anaendelea vizuri", mahali popote duniani. Kwetu tatizo hilo ni kubwa zaidi kwa sababu ya adabu ya salamu. Mswahili akiulizwa hali husema hajambo kwanza, hata kama nyumba inaungua, kisha hutia neno dogo: ila. Hatujambo, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila mzee hajala tangu jana. Ukweli wetu hukaa nyuma ya ila, na muuguzi aliyebanwa na kazi hukata simu kabla ya kuifikia. Basi anayesimamia mgonjwa kwa simu inampasa auvute ukweli huo kwa maswali yenye kipimo. Wiki hii ana kilo ngapi, na wiki iliyopita? Jana usiku alikula nini, na nani alimlisha? Mgongo na visigino vimetazamwa lini? Kuna dawa mpya ameanzishiwa, ya nini, na nani aliiandika? Kila jibu liandikwe pamoja na tarehe na jina la aliyejibu. Huo ndio ukaguzi wa mtu asiye na macho ndani, na baada ya majuma mawili daftari hilo linajua mambo ambayo zamu yoyote moja haiyajui.

Kitu cha pili ni hofu, na hapa sheria haisaidii sana. Ndugu hunyamaza kwa kuwa wanasema moyoni: nikilalamika, watamalizia kwa mama usiku nikiwa sipo. Hofu hiyo ina msingi, na wanaoibeza hawajawahi kumwacha mtu wao mikononi mwa wengine. Marekani waliijibu kwa mtetezi wa siri. Sisi tuna desturi ya kumtuma mtu mzima. Jambo zito halipelekwi na mwenye uchungu nalo. Hupelekwa na mjomba, shangazi, shehe, mzee wa kanisa, mtu anayeweza kukaa, kunywa chai, kushukuru kwa kazi wanayoifanya usiku na mchana, kisha akasema jambo moja lililomleta. Desturi hii si ya posa peke yake. Nimeiona ikifungua ofisi ya mkuu wa makao mamoja ambayo barua tatu za binti zilishindwa kuifungua.

Haya yote, lakini, ni kazi ya fimbo ya mbali. Umar mwenyewe aliandika barua nzuri, na Abu Ubayda alifariki bondeni. Hakuna simu, daftari wala mtu mzima anayelingana na mkono unaoinua shuka. Ndiyo maana naona Texas walipatia pale ambapo England, kwa kuacha tundu la "hali ya kipekee", hawakufika. Janga ndilo hali ya kipekee yenyewe. Sheria inayolegea siku hiyo imeacha kazi siku ile iliyoandikiwa. Mtu mmoja aliyetajwa na mgonjwa, anayevaa barakoa na kunawa na kupimwa kama mfanyakazi, anapaswa kuingia kama mfanyakazi, kwa kuwa ndivyo alivyo.

Mabunge ya Kenya na Tanzania yanaweza kuliandika jambo hili kabla makao hayajawa mengi, wakati bado ni rahisi. Wewe msomaji usilisubiri bunge. Ukiwa unampeleka mzazi kwenye makao mwaka huu, au unamlipia ukiwa ng'ambo, kabla hujatia saini uliza jambo moja na udai jibu la maandishi: siku mlango huu utakapofungwa, ni jina la nani litakalobaki kwenye orodha ya wanaoingia? Kama mzee bado anaweza kusema, alitaje mwenyewe. Jina hilo lisipoandikwa, usitie saini.